"Hitilafu ya Umeme" Isiwe Kichaka cha Wazembe

Katika lugha yetu ya kiofisi yapo maneno machache ambayo yakisha kutamkwa mazungumzo hufungwa na watu hutawanyika. Mojawapo ni "hitilafu ya umeme". Mwananchi akienda kulipa ada, akaambiwa mtandao haupo, naye akathubutu kuuliza sababu, huambiwa ni hitilafu ya umeme. Mwalimu aliyetoka kijijini kwa basi la alfajiri kwenda makao makuu ya wilaya kufuatilia kupandishwa kwake daraja huambiwa hivyo hivyo. Hurudi zake kimya, maana nani awezaye kushindana na umeme? Umeme hauna cheo, hauna ofisi, wala hauwezi kuitwa mbele ya kamati ukajieleza. Ndiyo maana wazembe wameupenda sana.

Sisi tunasema kwamba katika nyumba zile zinazotunza kumbukumbu za serikali na za mashirika, ambazo siku hizi huitwa vituo vya data, umeme aghalabu hauna hatia. Umeme ni mtumishi mwenye tabia zinazojulikana. Unafuata njia uliyotengenezewa, unaruka pale ulipoachiwa mwanya, unaunguza kilichowekwa karibu nao bila kinga. Hitilafu kubwa ikichimbuliwa hadi kwenye mizizi yake, chini kabisa hukutwa mtu aliyeahirisha kazi, au aliyebana fedha za matengenezo, au aliyetia saini karatasi ya ukaguzi pasipo kukagua.

Hatusemi haya kwa kubahatisha. Mifano ipo, na mkubwa kuliko yote kwa watumishi wa umma ni ule wa Korea ya Kusini.

Tarehe 26 Septemba 2025, katika mji wa Daejeon, moto ulizuka ghorofa ya tano ya taasisi inayotunza seva za serikali ya nchi ile. Mafundi walikuwa wakihamisha betri za lithiamu za umeme wa akiba, ambazo zilikuwa zikikaa chumba kimoja na seva, ili zipelekwe chini ya ardhi. Hebu msomaji aangalie kejeli ya jambo hili: kazi iliyozaa moto ilikuwa ni kazi ya kuepusha moto. Betri zilishika moto moja baada ya nyingine, na mpaka moto ulipozimwa, baada ya saa 22 hivi, betri 384 zilikuwa zimeteketea. Fundi mmoja aliungua. Mifumo zaidi ya 600 ya serikali ilisimama, na mifumo 96 iliunguzwa moja kwa moja. Huduma za benki ya posta zilikwama, vitambulisho vya kwenye simu vikakataa, barua pepe za wizara zikanyamaza. Nchi ambayo sisi sote tumezoea kuitolea mfano wa maendeleo ya kompyuta ilirudi kwenye karatasi na kalamu.

Je, ilikuwa hitilafu ya umeme? Naam, cheche ilikuwa ya umeme. Lakini betri zile zilikuwa zimefungwa mwaka 2014, na dhamana yake ya miaka 10 ilikuwa imekwisha mwaka mmoja kabla ya moto. Zilikuwa bado kazini kwa sababu hakuna aliyeona haraka ya kuziondoa. Polisi wa Korea walipochunguza walieleza kwamba umeme mkuu ulikuwa umezimwa, lakini umeme wa makabati ya betri yenyewe haukukatwa; na kwamba kazi ilifanywa na kampuni ambazo hazikuwa na haki ya kuifanya, zikiwa zimeipata kwa mlango wa nyuma, mkandarasi akimpa mkandarasi mwingine kinyume cha sheria. Umeme haukuandika mkataba ule.

Hapa inafaa tusimame kidogo, maana jambo hili la betri halieleweki kwa wengi, hata kwa baadhi ya wenye mamlaka ya kuzinunua. Mtu amezoea kwamba akishusha swichi ukutani, waya umekufa. Kwa betri si hivyo. Betri ni chanzo chenyewe cha umeme. Hata ukikata kila waya unaoingia katika nyumba, betri zilizopangwa mstari mrefu kabatini bado zimebeba mamia ya volti, tayari kumrukia fundi atakayegusisha chuma pande zote mbili. Na betri ya lithiamu ikishajeruhiwa au kupata joto kupita kiasi, hujichochea yenyewe: joto huzaa joto, na jirani yake huambukizwa. Maji huipoza, gesi za kuzimia moto hazitoshi, na wazima moto hujikuta baina ya mambo mawili, ama wamwage maji na kuua seva, ama wahurumie seva na kuuacha moto uendelee. Kazi ya namna hii inahitaji fundi aliyefundishwa, aliyepewa glavu na zana zenye kinga, anayesimamiwa na mtu ajuaye, na mwenye idhini ya kusema "leo hatufanyi" bila kuogopa kufukuzwa. Lakini katika orodha za bajeti fundi huyu hutajwa mwisho kabisa, baada ya mazulia.

Turudi Daejeon, maana lililo baya zaidi bado. Ndani ya nyumba ile mlikuwa na ghala la nyaraka za watumishi wa umma lililoitwa G-Drive. Kila mtumishi aligawiwa gigabaiti 30, na wizara ya utumishi ya Korea iliwaamuru watu wake waweke kazi zao zote humo, wasiziache katika kompyuta za mezani. Agizo lilikuwa na sababu nzuri, usalama wa siri za serikali. Basi watumishi watiifu waliweka. Moto uliteketeza terabaiti 858, na nakala ya pili haikuwapo. Sababu iliyotolewa ilikuwa kwamba ghala lilikuwa kubwa mno kuweza kunakiliwa. Yaani kitu kilikuwa na thamani kubwa kiasi kwamba hakikulindwa! Mtumishi mkaidi, aliyekaidi agizo na kuweka nakala yake pembeni, ndiye aliyebaki na kazi yake. Mtiifu alipoteza miaka. Serikali inayotaka utii wa watumishi wake isije ikawafundisha somo kama hilo.

Wala haikuwa kwamba Wakorea hawakuonywa. Tarehe 15 Oktoba 2022 moto wa betri ulizuka katika kituo cha data cha Pangyo, karibu na Seoul. Umeme ulikatwa ili moto uzimwe, na seva zipatazo 32,000 za kampuni ya Kakao zikalala. Huduma ya ujumbe wa simu inayotumiwa na karibu kila mtu katika nchi ile iliyumba, na ilichukua saa 127 na nusu kurudisha huduma zote. Serikali ilikuja juu, ikaikaripia kampuni, nayo kampuni ikainamisha kichwa na mmoja wa wakuu wake akajiuzulu. Katika siku hizo hizo mkuu wa taasisi ya Daejeon alitamka kwamba hata kituo chake kikiungua, huduma zitarudi ndani ya saa tatu. Miaka mitatu baadaye kituo kiliungua, na baada ya saa tatu moto ulikuwa ungali ukiwaka.

Tunalitaja tamko lile si kwa kumcheka mtu wa mbali. Tunalitaja kwa sababu kila mmoja wetu amewahi kukaa katika mkutano akasikia tamko la ukoo ule ule. "Mfumo wetu uko salama." "Tunayo jenereta." "Tumejipanga." Anayesema hayo aghalabu si mwongo. Ameambiwa na wa chini yake, ambaye naye ameambiwa na wa chini yake, na yule wa chini kabisa, anayejua kwamba betri ya kuwashia jenereta imekufa tangu mwezi uliopita, hakuulizwa.

Maana umeme wa akiba si mashine moja. Ni mnyororo. Gridi ikikatika, betri hupokea mzigo papo hapo. Yule anayekaa na yupiesi chini ya meza yake ofisini anajua mlio wake. Lakini betri si ghala la kutumia siku nzima, kazi yake ni dakika chache tu, mpaka jenereta iwake na kutulia. Kisha swichi ya kuhamishia huutoa mzigo kwenye betri na kuukabidhi kwa jenereta. Jenereta nayo yataka dizeli safi, na dizeli iliyokaa miaka tangini huingia maji na uchafu. Yataka betri yake ndogo ya kuwashia, na ajabu ni kwamba betri hiyo ndogo, ya bei isiyofikia hata posho ya semina moja, ndiyo inayojulikana na mafundi duniani kote kuwa sababu ya kwanza ya jenereta kukataa kuwaka. Kisha kuna viyoyozi. Seva hula umeme na kutema joto. Betri zikizishikilia seva huku viyoyozi vimezimika, chumba hugeuka tanuri baada ya muda mfupi, na mitambo hujizima yenyewe ingawa umeme upo. Nani aliandika katika zabuni kwamba viyoyozi viunganishwe na jenereta? Aulizwe.

Jenereta inayowashwa kila Jumatatu dakika kumi bila kubebeshwa mzigo, ili mlinzi atie alama daftarini, haijapimwa. Imeungurumishwa tu. Tena kuiungurumisha hivyo kwa miaka ni kuidhuru, kwa kuwa dizeli isiyoungua barabara huacha masizi na mafuta ndani yake. Jenereta hupimwa kwa kukata umeme wa gridi na kuiacha ibebe nyumba nzima.

Mwezi Agosti 2016 shirika la ndege la Delta la Marekani lilipata ajali ya umeme katika kituo chake cha Atlanta. Lilikuwa na umeme wa akiba. Lakini ilipofika saa ya haja ilionekana kwamba seva kama 300 kati ya 7,000 hivi hazikuwa zimeunganishwa nao. Mia tatu tu! Zikatosha kufuta safari zaidi ya 2,000 kwa siku tatu na kulitia shirika hasara ya dola milioni 150. Waya ambazo fundi mmoja angezifuata kwa kidole katika juma moja hazikuwa zimefuatwa na mtu.

Miaka minne kabla ya hapo, Oktoba 2012, kimbunga Sandy kilipoifurikisha New York, yalionekana majumba ambayo jenereta zake zilikuwa juu, salama kabisa, lakini pampu za kupandishia mafuta zilikuwa chini ya ardhi. Maji yakaingia, pampu zikafa, jenereta zikabaki zinasubiri dizeli. Katika jengo moja la mtaa wa Broad wafanyakazi walipanga mstari wakapandisha dizeli kwa ndoo mpaka ghorofa ya 17 ili seva zisizimike. Tunawavulia kofia wafanyakazi wale. Lakini hatuwezi kumvulia kofia mchoraji wa jengo, wala aliyepitisha mchoro. Ushujaa wa wafanyakazi mara nyingi ni deni la uvivu wa wakubwa, wanalolilipa wasiolikopa.

Tena uko mfano wa Strasbourg, Ufaransa, usiku wa tarehe 10 Machi 2021, kituo cha kampuni ya OVH kilipoteketea. Wazima moto walikuta cheche za umeme zenye urefu wa zaidi ya mita moja zikiruka mlangoni mwa chumba cha umeme. Hapakuwa na swichi moja ya kukata umeme wote, na ilichukua kama saa tatu mpaka umeme ukakatwa. Dari zilikuwa za mbao. Mitambo ya kujizimia moto yenyewe haikuwapo. Wateja waliodhani wana nakala za akiba waligundua kwamba nakala zao zilikuwa zikikaa katika nyumba ile ile pamoja na asili yake, na mwaka 2023 mahakama ya biashara ya Lille iliiamuru kampuni imlipe mteja mmoja fidia kwa sababu hiyo. Kuweka nakala ya ufunguo ndani ya chumba kilichofungwa ni jambo ambalo hata mtoto wa darasa la tatu angelicheka.

Baada ya ajali huja msako wa mwenye kosa, nao huanzia chini. Mei 2017 shirika la ndege la Uingereza, British Airways, liliwakwamisha abiria 75,000 mwisho wa juma la sikukuu baada ya umeme wa kituo chake cha data kukatika na kisha kurudishwa kwa namna isiyofaa, ukaivunja mitambo. Ikaelezwa kwamba fundi ndiye aliyekata umeme. Pengine ndiye. Lakini hebu tuulize swali la mtu wa kawaida: shirika gani hili lenye ndege mamia ambalo mkono wa mtu mmoja waweza kulilaza lote? Aliyeupanga mtambo hivi, pasipo njia ya pili, hana mkono katika jambo hili? Ikiwa fundi alikosea kwa dakika moja, waliomwachia nafasi ya kukosea hivyo walikosea kwa miaka.

Kwa nini haya yatuhusu sisi? Kwa sababu nasi tumehamia. Leo malipo ya serikali yanakwenda kwa namba maalumu ya malipo inayotoka katika mfumo. Likizo, uhamisho na tathmini za kazi za watumishi, walimu wakiwamo, zinajazwa katika mfumo. Majalada ya kijani yenye kamba, ambayo tulikuwa tukiyalaumu kwa vumbi, yanatoweka. Mchwa alikuwa akila jalada moja moja. Moto wa betri hula wizara nzima kwa usiku mmoja. Hatusemi turudi kwenye majalada. Mwenye kusema hivyo ni mvivu wa aina nyingine. Tunasema aliyewaamuru watu wahame ana wajibu wa kuwaonyesha nyumba mpya ina nguzo gani.

Wala isidhaniwe kwamba kupata umeme mwingi kunamaliza shauri. Bwawa la Julius Nyerere pale Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115, ni fahari ya taifa, na mitambo yake yote tisa imekwisha kukamilika. Lakini hata Gridi ya Taifa yenye umeme wa kutosha yaweza kuanguka kwa dakika moja, kama ilivyoanguka tarehe 1 Aprili 2024. Wingi wa maji mtoni haumpi maji aliyetoboka mtungi. Kwa jirani zetu wa Kenya, usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 nchi ilipoingia gizani, jenereta ya sehemu moja ya abiria katika uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta haikuwaka, na waziri akalazimika kuomba radhi mbele ya dunia. Jenereta ilikuwapo. Ilikuwa imenunuliwa, imelipiwa, imefungwa.

Wapo watakaotujibu kwamba, ikiwa Korea na Ufaransa na Marekani zimeshindwa, sisi ni nani? Jibu hilo ni la aibu. Nchi zile hazikushindwa kwa kukosa fedha wala elimu. Zilishindwa kwa kuahirisha, kwa kujisifu, kwa kumdharau fundi, na hayo hayahitaji utajiri kuyaacha. Kufuata waya kwa kidole hakuhitaji mkopo wa nje. Kubadili betri ya kuwashia jenereta kabla haijafa hakuhitaji mshauri mwelekezi. Kuweka nakala ya pili mji mwingine, na kuijaribu kama yafunguka, kuna gharama, lakini gharama hiyo yajulikana na yaweza kuandikwa katika bajeti kama bei ya madawati inavyoandikwa.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilitufundisha kujitegemea, na wengi tulilielewa kwa maana ya mazao na viwanda. Katika zama hizi kujitegemea kuna maana pia ya kuwa na watu wetu wenyewe wanaoujua mtambo tangu waya wa ardhini hadi seva ya juu kabisa, si kumpigia simu mkandarasi ambaye naye humpigia mkandarasi wake. Ndugu walimu, hapa mnahusika. Tunawafundisha vijana kompyuta kwa maana ya kubonyeza. Ni wangapi wanaomaliza shule wakijua kwa nini plagi ina mguu wa tatu, na kwa nini yule anayeukata mguu huo ili plagi iingie kwenye tundu la miguu miwili anatega mauti? Vyuo vya ufundi vinawatoa mafundi umeme kila mwaka, lakini kijana wa ufundi bado anatazamwa kama aliyeshindwa masomo. Siku kituo kinapozimika ndipo anapotafutwa usiku kwa gari la ofisi.

Tatizo letu kubwa ni kwamba tunapenda uzinduzi. Siku ya kuzindua kuna utepe, ngoma, kofia na hotuba. Hakuna aliyewahi kukatiwa utepe kwa kubadili betri zilizochoka. Fungu la matengenezo ndilo la kwanza kukatwa mwaka wa fedha ukibana, na la mwisho kurudishwa. Mkuu wa taasisi anayeomba fedha za kubadili betri zinazofanya kazi huonekana mbadhirifu, akijibiwa "si zinafanya kazi?" Ndiyo. Hata za Daejeon zilikuwa zikifanya kazi mpaka jioni ile.

Kwa hiyo tunadai mambo ambayo kila mtumishi anaweza kuyafuatilia kwa macho yake. Betri ikifikisha umri aliouandika mtengenezaji, iondolewe, na jina la aliyeamua kuiacha liandikwe kando ya tarehe. Betri zisilale chumba kimoja na seva. Pawepo swichi moja ya kukata umeme wote, na wazima moto wa mji ule waonyeshwe mahali ilipo kabla ya moto. Kazi yoyote juu ya betri isikabidhiwe mkono wa tatu. Taarifa kwa wananchi isiishie kwenye maneno "hitilafu ya umeme", bali itaje ni kiungo gani kilikatika na lini kilipimwa mara ya mwisho.

Na kipimo chenyewe kifanyike wazi. Kwanza Jumapili moja, mafundi wakiwa tayari. Kisha siku ya kazi, saa nne asubuhi, foleni ikiwa imejaa. Mkaguzi asimame pale na saa yake, fundi awe kando, na swichi kuu ya gridi ishushwe kwa mkono wa mkuu wa taasisi mwenyewe, yule yule anayetuambia kila mwaka kwamba umeme wa akiba upo. Akisita, mkaguzi aandike kwamba alisita.